Pale Anaposema Anakuja

Watu wa Mweso wanasema mimi Mbambu niko na mdomo. Niko nao, ndiyo! Mwanamke anayetengeneza telefone peke yake, mume alienda Walikale kutafuta mzigo na vita ikafunga barabara nyuma yake, asipokuwa na mdomo kila mutu atampanda kichwani.

Kwa hiyo Mama Mukasine alipoingia na ile telefone ndani ya pindo la kitenge, nilimgombeza hata kabla ya kumsalimia.

"Yesu Maria! Mama, hii kitu imekanyagwa na nani? Na kifaru cha vita?"

"Na Gaju."

"Gaju njo nani?"

"Ng'ombe yangu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Nikaona haya, nikamvutia kiti.

Alinieleza polepole, mikono juu ya magoti. Alitoka Karuba na mume wake, Papa Makuza, wakikimbia vita, na katika ng'ombe wao wote walifika hapa na Gaju tu. Kwao mwanamke hakamui. Anaosha chombo, anapokea maziwa, anayagawa, lakini chuchu za ng'ombe ni kazi ya mwanaume. Makuza alikuwa akikamua huku akimsemesha Gaju, akimwita majina ya sifa, moja nyuma ya lingine, na Gaju bila kusikia ile sauti alikuwa anazuia maziwa. Unaweza kuvuta mpaka mikono ife ganzi.

Halafu Makuza akaamua kurudi Karuba kutafuta ndama wawili aliowaachia rafiki. Asubuhi ya kuondoka alirekodi sauti yake akikamua. Akamwambia Jean-Marie, kijana wa jirani anayejua kukamua, amwekee Gaju hiyo sauti mpaka atakaporudi. Hakurudi. Walimpiga risasi njiani, na waliomkuta walimzika hukohuko.

"Jean-Marie aliendelea kumuwekea," alisema. "Maziwa yakawa yanakuja. Ile siku ingine Gaju akasikia sauti, akageuka kumtafuta mwenyewe. Telefone ilikuwa chini, akaikanyaga. Tangu hapo hatoi. Yakikatika kabisa nitauza nini pale kwa hospitali, nitakula nini? Na ile sauti, dada, iko humo ndani. Sina ingine. Hata picha sina."

Kioo kipya hakikuwepo. Vioo vinatoka Goma, na kutoka Goma wakati ule hakikuwa kinafika hata kiberiti. Lakini nilipobonyeza pembeni, telefone ilitetemeka mkononi. Kumbe ni kioo tu kilichokufa.

Makuza aliwahi kuja kwangu kutiliwa nyimbo za kanisa ndani ya telefone hii. Na mimi niko na tabia moja: kila telefone inayopita hapa naifungulia ruhusa ya kusikilizana na ordinateri, kompyuta yangu, kusudi nisihangaike siku ingine. Nikachomeka waya, nikafungua ile programu, nikangoja.

Telefone yote ikatokea ndani ya ordinateri, saa yake, picha zake ndogondogo, kama ilivyokuwa kabla ya kukanyagwa. Nikasogeza mshale na kapanya, nikabonyeza, na kurasa zikaanza kufunguka. Mama Mukasine alitazama telefone iliyolala juu ya meza, nyeusi tii, hakuna kidole juu yake. Akatazama ordinateri. Akasimama.

"Nani anaifungua?"

"Ni mimi, Mama."

"Wewe hujaigusa," alisema, na sauti yake ikapanda. "Nani anaifungua? Njo yeye?"

Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya kapanya, chini ya wangu, tukasogeza pamoja mpaka akaona mshale unafuata. Alikaa tena. Sijawahi kuona mutu akikaa kwa uchungu vile.

Sauti tuliipata. Mimi ni Munande, Kinyarwanda sikisikii, lakini mutu anayebembeleza anajulikana katika lugha yoyote. Majina yalikuwa yanatoka, maziwa yakilia ndani ya chombo, shwaa, shwaa. Jean-Marie alikuwa anaizima akishamaliza kukamua, kwa hiyo mwisho wake hakuna aliyekuwa ameusikia. Sisi tuliuacha uendelee. Mbali kidogo mwanamke akaita. Makuza akajibu, "Ndaje," na maneno mengine mawili matatu, halafu rekodi ikaisha.

Mama Mukasine alikuwa amefunika mdomo na kitenge.

"Huyo ni mimi namwita kwa chai," alisema. "Anasema anakuja. Anasema nisinywe peke yangu."

Tulilia, wote wawili, mchana kweupe, mlango wazi. Waliopita na watazame!

Nilimpatia karadio kangu kadogo kanakoingia karte ya nyimbo, nikaweka sauti humo, nikamwambia Gaju hata akikakanyaga nitaiweka tena. Alishukuru. Alipofika mlangoni akarudi.

"Dada, kata pale anaposema anakuja. Ng'ombe hana shida. Mimi njo sitaweza kuisikia kila asubuhi."

Nikakata. Keshoyake alinipitishia kikombe cha maziwa, bado yana moto. Gaju alikuwa ametoa. Hakuniuliza kile kipande kilienda wapi.

Kiko ndani ya ordinateri yangu. Asubuhi napika chai, nampigia Katembo, mume wangu, na kila siku sauti ya mwanamke wa mtandao inaniambia namba yake haipatikani. Hapo nafungua kile kipande, nabonyeza.

"Ndaje," anasema Makuza.

Nangoja kidogo, halafu nakunywa.