Ada ya Jioni Port Skarra

Ishbel Polson hakuwa mwepesi wa hasira. Miaka yote aliyosambaza barua kwa baiskeli, mbwa walimng'ata na mvua ikamlowesha hadi mifupani, naye akasema tu kwamba dunia ina mambo. Lakini kiangazi kile hasira ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, haishuki wala haitoki.

Uwanja wa gofu wa Port Skarra una mashimo tisa. Umelala kati ya bahari na malisho ya kondoo, na ardhi yake ni ya kijiji tangu enzi za mababu. Ada ilitiwa kwenye kisanduku cha bati kilichopigiliwa mlangoni mwa klabu. Ilikuwa pauni kumi; mwenye nacho alitia, aliyepungukiwa alitia alichokuwa nacho, na hakuna aliyechungulia. Wanawake wa kiwanda cha samaki walikuja Jumanne baada ya kazi, harufu ya kazi ingali mikononi, wakacheza katika ule mwanga wa Juni unaosita kuondoka. Ishbel ndiye aliyewaanzisha, mwaka aliofiwa na mumewe, aliposhindwa kukaa na kiti kitupu mezani.

Sasa kisanduku kimeng'olewa. Bei inatoka kwenye simu, ikibadilika kwa saa: asubuhi ya mvua pauni nane, adhuhuri ishirini, na jioni ya kiangazi, ambayo wageni huililia, arobaini na tano. Jumanne ya kwanza wanawake walipungua, ya pili wakapungua tena. Ya tatu alikuja Dolina wa kiwandani peke yake, akakaa kwenye benchi bila fimbo. Alisema amekuja kutazama tu, kutazama bado ni bure, labda mpaka kesho.

Kilichomchoma zaidi Ishbel ni kwamba mkono wake mwenyewe uliipitisha bei hiyo. Mkutano wa mwaka wa klabu hufanyika supu ikiwa jikoni, na desturi ni kupitisha hoja zote kwa mkupuo kabla haijapoa; anayeuliza swali hutazamwa kama anayewanyima watoto chakula. Kapteni wa klabu, Farquhar Bethune, alisoma mbiombio kitu kuhusu bei inayokwenda na wakati. Mikono ikainuka. Vijiko vikafuata.

Basi Jumanne ile ya tatu alimwendea Farquhar pale pa kuanzia mchezo, wageni wawili wakivaa glavu zao. Farquhar akamweleza kwa upole kwamba paa linavuja, mashine ya kukatia nyasi imekufa, na bila fedha ya wageni uwanja utarudi kwa kondoo. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ukamzidishia hasira.

"Bei iende na wakati, sikatai," alisema. "Wageni walipe hata sitini. Mbona kwetu inakwenda kwa kutukaba tu?"

Farquhar akamvuta kando, akashusha sauti. "Mama Ishbel, wewe usijihesabu humo. Wewe cheza bure, maisha yako yote. Nani atakudai wewe?"

"Na Dolina?"

"Tukianza na Dolina, tutaishia wapi?"

"Pale tulipokuwa."

Farquhar akasema jambo hilo litapelekwa kwenye mkutano wa Septemba.

"Septemba jioni zimeshakwisha, mwanangu. Unatuletea sahani nyama ikiwa imeshaliwa."

Akamwita Dolina, akamkabidhi fimbo moja kati ya zake. Kisha akatoa noti mbili za kumi, akazisokomeza kwenye mfuko wa koti la Farquhar, moja yake na moja ya mwenzake.

"Haya, tufukuze," alisema. "Wageni wako wanatazama."

Farquhar hakufukuza mtu. Mpira wa kwanza wa Ishbel ukaingia kwenye nyasi ndefu, wa pili baharini, na Dolina akamwuliza kama ndivyo alivyokuwa akigawa barua. Walimaliza mashimo yote tisa. Ishbel hakufurahia hata moja, na hilo nalo aliliandika kwenye deni la Farquhar.

Jumanne iliyofuata walikuja wanawake saba, kila mmoja na noti yake ya kumi mkononi. Farquhar alizipokea moja moja pasipo kumtazama mtu usoni. Ishbel alipita wa mwisho, akalipa, asimsalimu.