Neno Danger Lilipoingia Jikoni Kwetu

Siku niliyokataa zawadi ya mama mkwe naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Wewe ulikuwa tumboni, mimba imeshakuwa kubwa, na mimi ni binti wa mjini, wa Kanyenye, niliyeolewa kijijini Ulyankulu kwa wakulima wa tumbaku, sijamaliza hata mwaka. Mkwe mgeni hajibu. Anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, anashukuru. Ndivyo nilivyofundwa, na nilitaka kufuata, maana ndoa yangu niliipenda.

Sasa kijijini kwetu kulikuwa na desturi: anayepiga tumbaku dawa ya wadudu ndiye anayeondoka na dumu dawa ikiisha. Madumu yale yalikuwa magumu, hayavuji, kifuniko kinakaza, na maandishi yote ya Kiingereza, basi watu wakayaona ni mali ya maana. Walitilia asali, wakatilia togwa, wakatilia maji ya kunywa. Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Mayu, alilisubiri la baba mkwe msimu mzima. Akalisugua kwa majivu na mchanga, akaniletea. "Hili la maji yako, mkwe wangu. Ukijifungua usihangaike na kisima."

Alinipa kwa upendo, lazima niliseme hilo. Nikapiga goti, nikalipokea, nikaona ubavuni limeandikwa DANGER.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, yaani hakuna kitu. Lakini neno hilo nililijua tangu utotoni. Kule Kanyenye lilibandikwa kwenye transfoma karibu na nyumba yetu, na chini yake wameandika HATARI, na fuvu la kichwa wamelichora. Mjini lilikuwa na mkalimani wake. Kijijini lilikuja peke yake, na kama fuvu lilikuwepo, majivu ya Mayu yalikuwa yamelifuta.

"Mayu, hapa wameandika hatari."

"Hatari ilikuwa ndani, nami nimeiosha," akasema. "Au ni mkono wangu unaoukataa?"

"Mkono wako siukatai. Nakataa maji ya humu. Nina mtoto tumboni."

Weee! Nyumba nzima ikaninunia. Mayu akalijaza maji mwenyewe, akaliweka mlangoni na kikombe juu yake, akaapa kwamba nitakunywa kabla jua halijazama au mwanawe atanirudisha kwetu. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kurudi Kanyenye na tumbo mbele, na niliogopa zaidi kunywa.

Mchana akaja bwana shamba kukagua tumbaku. Mgeni kwetu haketi bila maji, kwa hiyo Mayu akaniamuru nimpe. Nikamimina mbele ya macho yake. Akalitazama dumu, akapokea kikombe, akakiweka chini polepole. "Ahsante, sina kiu," akasema. Hana kiu! Kaja kwa baiskeli, jua la utosini, shati limemganda mgongoni!

Damu ikanipanda. Yote niliyofundwa yakanitoka kichwani.

"Kunywa, bwana shamba. Kama wewe hunywi, mimi na mwanangu tunywe kwa nini?"

Mayu akashika mdomo. Bwana shamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mstaarabu, na aibu ilimjaa usoni. "Mama, mbona imeandikwa?" akasema.

Imeandikwa! Mpaka leo neno hilo likitamkwa mbele yangu nachemka. Imeandikwa kwa ajili ya nani, na anayepiga dawa ni nani? Nikamwambia akae, asome neno moja moja kwa Kiswahili, na haondoki mpaka amalize. Akasoma. Akatoa na chupa nyingine mbili kwenye mkoba wake, akatuonyesha. Caution: shika kwa uangalifu, hii nayo inadhuru. Warning: inaweza kukuumiza vibaya. Danger: hii inaua. Kumbe yana ngazi, na sisi tulikuwa tumetekewa maji kwenye ngazi ya juu kabisa. Na kwa herufi ndogo chini waliandika kwamba dumu lisitumike tena kwa kitu chochote.

"Na majivu?" Mayu akauliza.

"Majivu hayaitoi, mama."

Mayu akainuka, akalibeba dumu. Kisha akamwaga yale maji mbali na bustani, akaenda kuleta shoka, akalipasua dumu lake mwenyewe. Jioni tulipita nyumba kwa nyumba kupasua madumu mengine, yeye na shoka, mimi na tumbo langu. Wengine walitufukuza. Mwenyekiti wa kijiji alisema tunaharibu mali za watu, na Mayu akamjibu kwa Kinyamwezi maneno ambayo mimi siwezi kuyarudia mbele ya mwanangu. Tulirudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka wakachoka kutufukuza.

Sasa na wewe unafungua duka la pembejeo hapo Mtendeni. Juzi nimekusikia na wenzako mkisema, "Kuna risk kidogo tu." Neno hilo, yaani uwezekano wa kudhurika, nimelisikia sana kwenye semina na redioni, na mara nyingi anayelitamka si yeye atakayevuta harufu ya dawa. Ukilisikia, uliza ni mwili wa nani unaozungumziwa. Usimpe mtu chupa kabla hajasikia kwa masikio yake kilichoandikwa. Mzee wa Igunga akija na Kisukuma chake, mtafutie Kisukuma. Usipime dawa ya sumu kwenye chupa ya soda, hata mteja akikulilia. Wenye haraka wakiguna, waache wagune. Muuzaji wa jumla akikucheka, mcheke na yeye. Kiingereza kutokukijua si aibu hata chembe. Aibu ni kukijua ukanyamaza huku mwenzako anakunywa. Na yeyote akitaka uinamishe kichwa kwenye jambo la uhai, mwanangu, hata kama ni mimi, kataa.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka. Akujalie mizani ya haki na mlango usiokauka watu. Na kila mteja utakayemuuzia dawa msimu huu, Mungu akurudishie msimu ujao akiwa mzima.