Unga wa Mbio

Kuna ubaridi ambao ulimi wangu haujausahau. Jumamosi iliyopita, kwenye mbio zetu za mtaani hapa Lindi, kijana mmoja alinipa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji, eti unatia nguvu kwenye mbio ndefu. Maji sikuyasubiri. Niliumwaga kiganjani nikaulamba mkavu, na ule ubaridi ulipogusa ulimi nikajikuta kijijini kwetu Kiranjeranje, niko darasa la sita, miguu haitulii.

Nilikuwa mtoto wa mbio. Nikitumwa chumvi nilitimka, chakula nilikula nimesimama, na jirani yetu alikuwa akimwambia mama kwamba nina siafu miguuni. Basi Mwalimu Hadija, aliyetufundisha michezo, akanichagua kwa mbio ndefu za kushindana na shule nyingine. Siku moja alikuja mazoezini na boksi la glukosi, akamwekea kila mmoja wetu kijiko kiganjani. Jina lile lilitushinda, tukauita unga wa mbio. Ulikuwa mtamu, unapoa mdomoni, nami niliamini kabisa kwamba nausikia ukiteremka hadi magotini.

Nilifika nyumbani midomo myeupe. Mama alikuwa anamenya muhogo.

“Mama, leo nimekula unga!”

Kisu kikasimama. “Unga gani?”

“Mweupe. Mwalimu anatugawia. Ukilamba tu, mwili wote unachemka!”

Alinishika kidevu, akaninusa mdomo, akanichungulia macho, kwanza hili, halafu lile.

“Mbio basi,” akasema. “Hukimbii tena.”

Hapa sina budi kuwaeleza habari za Mjomba Saidi, mdogo wake mama. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akarudishwa amekonda, anasinzia amesimama, kichwa kinashuka polepole mpaka karibu na magoti. Vyombo vikawa vinapotea nyumbani. Tulipomzika, watu wazima walinong’ona kwamba unga ndio uliommaliza. Kwetu unga ni wa muhogo. Nilijiuliza sana unga wa ugali unamuuaje mtu mzima, ila sikuthubutu kuuliza, maana mama alikuwa bado analia.

Siku zilizofuata zilinitesa. Kukaa siwezi, kulala siwezi; niliizunguka nyumba mpaka kuku wakanikimbia. Nilimchukia mama, nasema kweli. Asubuhi ya mashindano akajifunga kanga, akanishika mkono, akanipeleka uwanjani.

“Shikamoo, mama,” alisema Mwalimu Hadija.

“Marahaba. Huo unga unaowapa watoto uko wapi?”

“Ni glukosi tu, mama. Haina madhara.”

“Nipe.”

Mama alijimwagia kiganja tele. Akasema bismillahi, akalamba wote, kisha akakaa kwenye nyasi. “Tusubiri,” akasema.

Wenzangu walikuwa wameshaanza kujipanga mstarini. Mimi narukaruka kando yake, nataka kulia. Mama kafumba macho, midomo myeupe, mikono kaiweka mapajani, na watoto wa shule nyingine wanamcheka. Niliona aibu, nikadhani ananogewa. Mwalimu Hadija aliwaomba waamuzi wangoje kidogo, wakangoja. Hatimaye mama alifumbua macho, akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, vinanata kwa sukari.

“Nenda,” akasema.

Nilishika nafasi ya pili, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilinung’unika kwamba asingeumaliza ule unga ningekuwa wa kwanza. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Sikujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Nilikuja kujua baadaye, nilipokuwa na binti yangu mwenyewe. Jumamosi ile nilisimama barabarani na ubaridi mdomoni, wenzangu wananipita, nikamwona tena mama yangu kwenye nyasi, kafumba macho. Hakuwa ananogewa. Alikuwa anangoja kuona kama ni ule uliomuua mdogo wake.