Sauti Yangu Ilipompigia Mama Mkwe

Niliporudi Kamina na diploma yangu ya biashara, walisema sitafika popote. Mzee mmoja mstaafu wa reli alinikopesha huku akinicheka: “Utauza hiyo karatasi yako sokoni!” Mwanangu, leo depo yangu ya mahindi pale karibu na gare, stesheni ya treni, inajulikana mji mzima, na nimeijenga mwenyewe. Lakini naikumbuka siku ambayo ilibaki kidogo tu yote yapotee.

Nilikuwa Kaniama, mbali na mji wetu, nikipima mahindi ya wakulima. Fedha za kuwalipa, nilizokopa kwa mzee yule na kwa akina mama wa kanisa, zilikuwa kwenye simu ya depo, mikononi mwa mama mkwe wangu, mtunza hazina wetu. Mara mke wangu akanipigia kwa simu yake, anahema.

“Baba Ilunga, ni kweli polisi wamekukamata?”

“Miye? Niko napima mahindi!”

“Sasa nani iko anasema na mama kwa sauti yako? Anasema polisi wamechukua simu yako, mama atume feza yote mbio mbio!”

Mtandao ukakatika.

Nilirukia pikipiki. Njia nzima sikujua kama nina depo au sina. Nilielewa kitu kimoja tu: matangazo ya sauti niliyoyatuma kwenye kila kikundi cha simu, nikijisifu, yaliwatosha wezi kuifundisha mashine kusema kama mimi.

Mama mkwe nilimkuta mlangoni, simu ameifungia ndani ya kitenge. Kwetu Waluba, mkwe na mama mkwe hawasemezani. Alinigeuzia mgongo, akamwambia binti yake:

“Mwambie bwana yako: ule mwizi iko na sauti yake, lakini haina na haya yake. Tangu akuoe hajanisemesha. Leo aniamuru kwa simu?”

Hakutuma hata franka moja.

Mwanangu, sauti pekee si ushahidi tena. Ukiombwa fedha, kata simu, upige mwenyewe namba unayoijua. Fedha za duka zisitoke kwa idhini ya mtu mmoja. Wekeni nyumbani neno la siri lisilopita kwenye simu. Anayekuharakisha, muogope. Mungu akulindie jasho lako, akupe na watu wa kulilinda pamoja nawe.

Mahindi yalipouzwa, niliwaita wakopeshaji wote deponi. Nililipa kila mmoja mbele ya wenzake, na mzee wa reli hakucheka. Nikapaza sauti: “Mke wangu, mwambie mama namshukuru!”

Nyuma ya mlango likatoka jibu: “Mwambie nimesikia. Na apunguze kujisifu kwenye simu.”