Filimbi Yangu na Mfongo wa Watu

"Huyu hawezi." Ndivyo alivyosema shemeji yangu Aloyce, mdomo umejaa ndizi za machalari, siku nilipotangaza mezani kwamba nitaliondoa hili tumbo kwa kukimbia kila alfajiri mpaka kwa mama. "Injinia, wewe hata ngazi za kanisa unazipanda kwa awamu." Mke wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Yaliyofuata ni aibu tupu, lakini anayewasimulia ni mshindi, kwa hiyo vumilieni.

Mnanijua. Nilirudi kutoka Bulgaria na stashahada ya majokofu wakati biashara imefunguliwa na mafriji ya mtumba yanamiminika Moshi, nikaanza na bisibisi kwenye kibaraza cha watu, na baada ya miaka michache hakukuwa na bucha wala baa mjini isiyonijua (sijigambi, kaulizeni). Kazi ikaleta pikapu, pikapu ikaleta tumbo. Lakini pikapu iliishia barabarani. Kutoka pale kwenda kwa mama ni njia ya miguu, mlima mtupu katikati ya migomba, na mama, ambaye macho yalishaanza kumwacha, hakuhitaji kuniona: alinisikia nikihema tangu bondeni, akabandika chai. Siku moja alinishika mkono mpaka pumzi iliporudi, akasema, "Wewe ni kitinda mimba wangu. Wewe ndiye wa kunizika mimi. Usinigeuzie zamu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa kitandani. Na kwa kuwa mimi ni msomi, nilitaka kufanya mambo kisomi: kule chuoni mwalimu wa mazoezi alikuwa akipuliza filimbi, na bila filimbi hakuna aliyeinua mguu. Nikanunua filimbi sokoni, pamoja na bukta ya mtumba (ilibana kidogo, muuzaji akaniapia kwamba itaachia), na Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, nikasimama chini ya mlima nikajipulizia kwa nguvu zangu zote.

Kumbe miaka niliyokuwa ng'ambo, lile baragumu la kuitia watu msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilipasuka, na Meku Ndelilio, mzee wetu na mwenyekiti wa mfongo, yaani mfereji unaonywesha vihamba vyote, mashamba ya migomba ya pale, akahamia kwenye filimbi. Filimbi alfajiri ilikuwa na maana moja tu: mfongo umebomoka, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Mimi sikujua, maana kwangu ni kule chini barabarani, na filimbi yake haikufika huko. Nakimbia, nasikia mlango unafunguliwa, nasikia miguu nyuma yangu, nageuka naona watu kwenye ukungu wanakuja mbio, nikajiambia, ona, mtu mmoja mwenye elimu akianza mazoezi kijiji kizima kinaamka (hayo majembe mabegani nikadhani ni ya kuongeza uzito), basi nikapuliza tena, nao wakaongeza mwendo, nikaona haya kupitwa na kina mama, nikaongeza na mimi, nikapita njia ya kwa mama bila kugeuka, nikapandisha mpaka kwenye banio la mfongo, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, huko ambako sikuwahi kufika tangu utoto.

Hapo nikaanguka kwenye majani. Meku Ndelilio akafika, akatazama banio, akatazama maji yanayotiririka vizuri kabisa.

"Umebomoka wapi?"

"Shikamoo, Meku," nikasema nikiwa bado chali.

"Marahaba. Umebomoka wapi?"

"Kilichobomoka ni hiki hapa," akasema Mama Eliaichi, jirani wa mama, akinielekeza kwa mpini. Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Mabogini, huko chini tambarare.

Meku hakucheka. "Filimbi ikishalia, watu hawarudi na majembe makavu. Tutazibua tope. Aliyepuliza atangulie."

Nikatangulia. Jembe aliniazima Mama Eliaichi, mabuti Aloyce (alikuwa amekuja mbio kama wengine), na nilipoinama mara ya kwanza bukta ikaachia kweli, kama muuzaji alivyoapa, ikaachia yote nyuma, na Mama Eliaichi akanitupia kanga yake. "Jifunge, Injinia, unatutia baridi!" Nikazibua tope nimevaa kanga mpaka jua likawa kali.

Nilipanga kutotoka tena nyumbani. Lakini keshoye Mama Eliaichi alikuwa mlangoni. "Nimefuata jembe langu." Nikamletea. "La, libebe mwenyewe mpaka bandani kwangu, tukipitia kwenye banio." Kesho kutwa tena hivyohivyo. Siku ambazo mwili ulikataa, na zilikuwa nyingi, Aloyce alidai mabuti yake kwa sauti ya kuamsha mtaa, na hakuyachukua hata siku moja. Nilivuka bahari kutafuta elimu, na katika yote niliyoyapata huko sikupata watu wa namna hiyo. Ninawashukuru mpaka leo.

Mvua zikaja zikaisha. Kanga niliirudisha na doti mpya juu yake, jembe na mpini mpya, mabuti yameoshwa, na Aloyce akayapokea akisema, "Miguu imekuwa yako, basi nipe yangu." Filimbi nikampa Meku. Siipulizi tena, hata nikiona moto.

Siku hiyohiyo nikapandisha kwa mama. Alikuwa nje anachambua maharage, na mekoni hakukuwa na chai. Akainua uso.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

Akanishika mkono, akasubiri pumzi irudi kama alivyozoea. Ilikuwa haijaenda popote. Akaanza kucheka taratibu, bado kanishika.

"Basi kaa. Leo chai utaisubiri."