Mume Wangu Alimpiga Mdogo Wangu kwa Diski Iliyokuwa na Video ya Mama Mkwe

Admin, nifichie jina, maana nusu ya ukweni kwangu wamo humu na wana midomo hao, acha tu. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Mbagala, nimeolewa na nina binti mmoja. Mume wangu anachukua video za shughuli, mie ndiye ninayezikata na kuziunga kwenye kompyuta. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo mnajua wenyewe, watani wa jadi. Toka siku ya posa nyumba yetu ilikuwa ni kucheka tu.

Mwaka jana kompyuta ilijaa, ikatakiwa diski nyingine ya ndani, ile inayotunza kazi zote. Nikamwambia mume wangu twende dukani tukanunue yenye warantii. Akasema shemeji yupo, tusumbuke nini? Shemeji mwenyewe ni mdogo wangu wa kiume, fundi kompyuta kule Tandika. Akaleta diski inang'aa, imo kwenye nailoni yake. "Dada, hii mpya, haijaguswa na mtu." Nikaifunga, ikawaka.

Kazi ya kwanza tuliyoweka humo ilikuwa yetu wenyewe. Binti yetu alikuwa mwali, siku ya kumtoa ngoma ikapigwa, na mama mkwe wangu, miguu yote imevimba, akasimama kucheza na mjukuu wake. Jamani, yule mama alicheza! Mume wangu alimchukua video mwanzo mwisho, huku analia huku anacheka. Kadi za kamera tukazifuta kupisha harusi ya watu, kama tunavyofanyaga siku zote. Nikasema tutoe basi kopi nyingine tuweke pembeni. Akanijibu, "Shemeji yangu hawezi kunipa kanyaboya." Haukupita muda mama mkwe akafariki, na hiyo ndiyo ilikuwa video yake pekee.

Siku ya arobaini hitima ikasomwa, watu wakala pilau. Mume wangu alishawaahidi dada zake na mashangazi kwamba baada ya dua watamwona mama akicheza. Wakajaa sebuleni. Nimeunganisha kompyuta na tivii, nawasha, diski inagonga. Tak, tak, tak. Kioo cheusi. Nazima, nafungua ubavu wa kompyuta nakaza nyaya, nawasha tena, tak, tak, tak. Shangazi mmoja akaangua kilio.

Hapo ndo mdogo wangu akaingia kati kama mtani. Kwetu mtani msibani hiyo ndiyo kazi yake, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anadai hela, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Akajifunga kanga ya mama mkwe, akapinda mgongo, akatoa sauti ya bibi kizee: "Nyie Wazaramo wabahili, mnataka kuniona bure? Nimegoma!" Watu wakacheka, hata yule shangazi aliyekuwa analia. Mume wangu hakucheka. Akamuuliza, "Diski hii ulinipa mpya au mtumba?"

Mdogo wangu bado yumo kwenye utani wake. "Hii imetoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi, imelinda ghala la watu usiku na mchana miaka mingi. Imeshindwa kumlinda mama yako tu."

Na ulikuwa ukweli, alikuja kukiri mwenyewe. Aliifuta vumbi tu akaivisha nailoni.

Mume wangu akaichomoa ile diski na nyaya zake zote, akampiga nayo ya mdomo. Nilisikia taya inavunjika. Mdogo wangu akaanguka na kanga ya marehemu kiunoni, mume wangu akamkalia kifuani akawa anapiga, anapiga, damu inarukia masinia. Jicho la kushoto lilipasuka mbele yangu. Midume mizima imesimama inasema "jamani, jamani" kama inaangalia mpira. Nikamshika mkono mume wangu nikamwambia, "Mwache, utamuua!" Akageuka. Wallahi alinitazama na alinitambua kabisa. Akanipiga na ile diski juu ya sikio.

Nilipozinduka alikuwa mlangoni, anaiponda diski kwenye ngazi huku anamwita mama yake.

Mdogo wangu katolewa jicho, taya imefungwa waya. Mie sikio la kulia halisikii tena. Ile diski niliipeleka kwa fundi wa Kariakoo, mzoefu, akaigeuzageuza akatikisa kichwa. Akasema diski ikigonga vile, ukiizima na kuiacha, mara nyingi kilichomo kinaokolewa. "Lakini hii, dada, mlipigania nini?" Nikaifunga kwenye mfuko nikarudi nayo nyumbani.

Sasa mume wangu yuko rumande na wazee wa pande zote mbili wamekaa, wamesema watani hawashtakiani, yaishe. Mdogo wangu kakubali. Anaongea kwa shida na zile waya, anasema alimpa kitu kibovu na akamtania siku mbaya. Waliokuwepo sebuleni wote ghafla hawakuona kitu. Nimebaki mie tu. Na mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, kaniambia, "Mwenye jicho kasamehe, wewe mwenye sikio unang'ang'ania nini?"

Sina cha kumjibu zaidi ya hiki. Mie sikumpa mtu diski mbovu. Wala siku ile sikutania. Nilimwomba tu mume wangu asiue mtu, naye akanitazama usoni kwanza ndipo akapiga. Nampenda, sitawadanganya, na najua alivyompenda mama yake. Lakini Jumatatu kesi inasikilizwa, na nikisema sikuona kitu, usiku huohuo anarudi kulala pembeni yangu. Ndugu zangu, msinitukane, niambieni tu. Ingekuwa wewe, ungesimama pale ukasema nini?