Mama Aliniomba Nimuulize Daktari, Jibu Nikalipika Mwenyewe

Habari admin, na habari zenu nyote. Jina langu lifiche, ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nauza nguo Mingoyo. Nilichofanya nimekifanya kwa mdomo wangu huu huu, kwa hiyo atakayenitukana simkatazi.

Mama yangu ni mkulima wa korosho huko Rondo. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, mengine yote ni Kimwera. Mwaka jana titi lake likatoa uvimbe, tukampeleka hospitali kubwa Dar, ikaonekana ni saratani. Kaka yangu akasema mama asiambiwe. Mama mdogo alipoambiwa ya kwake aligoma kula, mwezi haukuisha tukamzika. Nikakubali. Tukamwambia mama ni jipu la ndani.

Daktari akatueleza kuna utafiti wa dawa mpya, inatolewa pamoja na zile za kawaida. Alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Haijajulikana kama itasaidia, inaweza kumchosha, na mama ana ruhusa ya kukataa au kuacha siku yoyote bila kunyimwa matibabu mengine. Akaniomba nitafsiri. Nesi aliyekaa kama shahidi hajui Kimwera hata neno moja. Mimi nikamwambia mama, "Hii ndiyo fomu ya dawa ya jipu." Akaweka dole gumba.

Mama akawa anakaa kwangu Mingoyo, tunakwenda Dar kwa matibabu. Dawa zikamtesa. Kutapika mpaka nyongo, vidonda mdomoni, nywele zote zikaisha. Tulipokwenda mara ya tatu akanishika mkono mbele ya daktari, akasema, "Mwanangu, niulizie kama naweza kuacha. Nataka nikae kwangu, nione mikorosho ikitoa maua."

Nikauliza. Daktari akajibu, "Anaweza. Mwenye uamuzi ni yeye."

Nikamgeukia mama nikamwambia, "Amekataa. Anasema ukiacha utakufa."

Niliogopa kumpoteza, jamani. Huo ndio ukweli wangu, na haunisaidii kitu. Mama aliinamisha kichwa akasema, "Basi, kama kasema daktari." Maua yakatoka, yakapukutika, korosho wakaokota watu wengine. Na vipimo vya juzi vinaonyesha ugonjwa umefika kwenye mapafu.

Sasa kuna nesi mpya kwenye ule utafiti, Mmwera kabisa. Kanipigia simu kwamba Jumatatu daktari atamweleza mama majibu yote na kumuuliza anataka nini, na atakayetafsiri ni yeye. Kasema kwa upole, "Dada, wewe pumzika, umehangaika sana." Kaka anataka niwaambie watu wa hospitali kwamba mama hawezi kusafiri. Nimechoka kudanganya, na kusema ukweli nako naogopa.

Mama mwenyewe kafurahi kusikia atapata mtu wa kuongea naye Kimwera. Jana nilikuwa namkanda miguu, akaniambia, "Yule daktari ana roho ngumu. Nitamuuliza mwenyewe kwa nini alininyima kwenda nyumbani. Na wewe ukae karibu yangu, uwe shahidi, maana maneno yake uliyasikia."

Nikamjibu, "Sawa, mama," nikaendelea kumkanda.

Leo ni Ijumaa. Ninyi mliowahi kuuguza mzazi, nipeni maneno. Nimwambieje mama kabla Jumatatu haijafika?